Betri mpya, gari la Jumapili, na umeme unaoisha likiwa limezimwa

SWALI

Habari za kazi, fundi.

Naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina Toyota Premio ya mwaka 2004, injini ndogo ya lita 1.5, otomatiki. Siku za kazi napanda mwendokasi, kwa hiyo gari linatoka Jumapili tu, kanisani na sokoni, na ziko Jumapili halitoki kabisa. Tangu Februari limenikwamisha mara tatu. Nikizungusha ufunguo taa za dashibodi zinafifia, nasikia tik-tik-tik, basi. Likikaa siku nne au tano linawaka bila shida. Likifika siku kumi na mbili hivi, haliwaki.

Mara ya kwanza fundi wa mtaani alisema betri imezeeka. Nikanunua mpya, NS60 ya 45Ah. Haikupita miezi miwili, yakawa yale yale. Sasa fundi huyohuyo anasema altaneta haichaji. Alichomoa kichwa kimoja cha betri injini ikiunguruma, gari likazima, akaniambia, "Si umeona?" Kaka jirani ana malitimita, akapima: asubuhi kabla ya kuwasha volti 12.1, injini ikiunguruma 14.2. Kwa wiki mbili sasa nimemwagiza kijana wangu aliwashe dakika tano kila asubuhi. Linawaka, ila starta inazidi kuwa nzito.

Vilivyoongezwa kwenye gari ni redio ya skrini kubwa, niliifunga mwaka jana kwa sababu ile ya Kijapani haikushika stesheni nyingi, na traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo, iliyofungwa Januari na watu walionikopesha. Desemba nakwenda Moshi mwezi mzima. Nifanye nini kabla sijatoa tena hela?

Msomaji wa Kimara

JIBU

Dada, altaneta usinunue. Jirani yako amekufanyia kazi kubwa kuliko fundi. Injini ikiunguruma, betri inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5, yako inasoma 14.2, yaani altaneta inachaji. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi, mtu akanyage mafuta kidogo mzunguko ufike kama 2,000 kwa dakika, mpime tena. Ikibaki juu ya 13.5, mambo ya altaneta yameisha.

Kile kipimo cha kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, usimruhusu mtu akirudie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti inaweza kuruka juu sana kwa kitambo kidogo kinachotosha kuunguza kompyuta ya injini, redio au altaneta yenyewe. Na gari kuzima hakuthibitishi chochote, kwa sababu altaneta nzima kabisa inaweza kushindwa kushika injini iliyo silensa, yaani inayounguruma bila kukanyagwa mafuta, bila betri.

Sasa hiyo 12.1 ya asubuhi. Betri ya kawaida ya asidi iliyopumzika usiku kucha husoma 12.6 hadi 12.7 ikiwa imejaa, kama 12.4 ikiwa robo tatu, 12.2 ikiwa nusu, 12.0 ikiwa robo, na chini ya 11.9 hesabu kuwa imeisha. Yako iko chini ya nusu, na hapo imekuwa ikiwashwa kila siku.

Hebu tupige hesabu ya siku zako kumi na mbili, maana ndani yake mna jibu. Betri ya 45Ah, yaani ampea-saa 45, kwenye gari la safari fupi ni nadra kujaa; tuseme huanza na ampea-saa 38. Inapofikia kulia tik-tik, imebaki na 10 au 11. Zimepotea kama 27 ndani ya siku 12, yaani zaidi kidogo ya 2 kwa siku. Gawanya kwa saa 24: gari lako likiwa limezimwa linakula karibu miliampea 90 hadi 100. Gari la umri huo likishalala halitakiwi kuzidi 50, na lisilo na hitilafu hukaa kwenye 20 hadi 40.

Hesabu hiyo inafuta washukiwa kadhaa. Taa za breki zikibaki zinawaka zinakula ampea 3.5, betri inakufa usiku mmoja. Taa ya ndani ya darini ingeimaliza kwa siku mbili tatu, na ya buti haiachi wiki ipite. Wewe una kitu kidogo kisicholala, na kimeanza Februari, mwezi mmoja baada ya kufungwa traka. Naishuku hiyo kwanza, redio ya pili. Lakini kushuku si kupima, na mafundi wengi wa umeme huishia kwenye kushuku.

Kabla ya kupima, acha kwanza zile dakika tano za asubuhi. Kuwasha kwenyewe hakuli umeme mwingi kama watu wanavyodhani: starta inavuta ampea 150 au zaidi, ila kwa sekunde moja au mbili, na hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya ampea-saa moja. Tatizo ni kinachorudi. Injini ikiwa silensa betri inapokea labda ampea 10, kwa dakika tano ni ampea-saa 0.8, wakati mchana na usiku gari linapoteza zaidi ya 2. Kila asubuhi unabaki na deni, ndiyo maana starta inazidi kuwa nzito. Isitoshe, injini isiyopata moto vizuri inaacha maji kwenye bomba la moshi na petroli kwenye oili.

Hatua ya kwanza ni kuijaza betri sawasawa kwa chaja ya ukutani. Mwendo wa nusu saa hauwezi kujaza betri iliyoshuka nusu. Chaji kwa ampea 4 hadi 5, yaani sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, kwa muda wa saa 8 hadi 10. Zile chaja kubwa za gereji zinazoshindilia ampea 20 na kuirudisha betri baada ya saa moja zinaichemsha tu. Inatoka inasoma volti nzuri na jioni imeshuka. Chajia mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa haidrojeni.

Kama ni ya vifuniko vya kufungua, angalia maji kwanza. Yawe yamefunika bamba za ndani. Zikionekana, ongeza hadi zifunikwe tu, na ukimaliza kuchaji ndipo ufikishe kwenye alama ya juu. Unaongeza maji ya betri yaliyosafishwa, asidi hapana. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi inabaki. Anayekuongezea asidi ili "kuipa nguvu" anaila bamba. Safisha na juu ya betri, kwani vumbi lililochanganyika na ukungu wa asidi linapitisha umeme kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa unatoka kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Kausha, kaza, paka grisi.

Ikishajaa, iache usiku mzima ikiwa imefunguliwa kwenye gari, kisha pima. Ikisoma 12.6, nzuri. Ikisoma 10.5 au karibu na hapo, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hakuna chaja itakayokifufua. Halafu irudishe kwenye gari, mtu apige starta huku wewe unaangalia mita: isishuke chini ya 9.6. Ikianza na 12.6 ikaporomoka hadi 8, betri imeshaharibika ingawa ni mpya. Hilo si jambo la kushangaza, maana betri ya kuwashia gari haikuundwa kumalizwa. Kila inapokaa tupu, salfeti ya risasi kwenye bamba inageuka fuwele ngumu zisizorudi kuwa umeme, na joto la pwani linaharakisha. Ya kwako imemalizwa angalau mara mbili. Kama bado ina garantii, ipeleke dukani ikiwa imejaa chaji, la sivyo watakwambia ni tupu tu na kukurudishia.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe: kupima kinachoibwa. Hapa usiwe na haraka.

Mwombe jirani malitimita yake. Waya mweusi unabaki COM, mwekundu unahamishiwa kwenye tundu lililoandikwa 10A, na swichi ya kuzungusha ya mita inawekwa kwenye ampea za DC. Tundu la mA msilitumie, fyuzi yake ndogo itakatika mara tu gari litakapoamka. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango yote isipokuwa wa dereva. Huo uache wazi ili mfikie boksi la fyuzi chini ya dashibodi, ila ulidanganye gari kuwa umefungwa: kama swichi yake ni kitufe cha mpira kwenye nguzo, kibane kwa gundi ya karatasi, kama swichi iko ndani ya komeo, sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi hadi ujifunge, na ukumbuke kuvuta mkono wa mlango kabla ya kuubamiza. Taa ya ndani ikizimika, umefaulu.

Kwa spana namba 10 legeza kichwa cha hasi bila kukitoa. Bana klipu moja ya mita kwenye waya wa hasi na nyingine kwenye nguzo ya betri yenyewe, ndipo unyanyue kichwa taratibu huku klipu zimeshika, umeme usikatike hata mara moja. Ukikatika, kompyuta za gari zinaamka upya na unaanza kusubiri tena. Klipu zikishashika, usiguse ufunguo kabisa. Starta inataka ampea zaidi ya mia, na mita inaishia 10.

Mwanzoni utaona ampea moja, mbili, hata zaidi. Hiyo si hitilafu. Subiri dakika 30 namba ishuke yenyewe. Fundi anayepima dakika mbili baada ya kuzima gari na kutangaza "inavuja ampea nzima!" hajapima kitu. Baada ya nusu saa, ampea 0.03, yaani miliampea 30, ni afya, na kwa hesabu yetu wewe utaona 0.09 au 0.10.

Hapo anza kuchomoa fyuzi moja moja, za ndani kisha za kwenye bonet, ukiangalia mita kila mara na kurudisha ile isiyobadilisha kitu. Namba itakaposhuka hadi 0.03, soma jina la fyuzi hiyo kwenye kifuniko: DOME na ECU-B ndizo mara nyingi hulisha redio, saa na taa za ndani. Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu haiamshi kitu. Betri ikiwa imefungwa kama kawaida na gari limeshalala, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la V, weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoa viwili vya chuma juu ya mgongo wa kila fyuzi. Inayosoma 0.0 haipitishi umeme. Yoyote inayosoma zaidi ina kitu kinachokula, na inayosoma juu kuliko wenzake wa ukubwa uleule ndiyo ya kufuatilia.

Inawezekana ukachomoa fyuzi zote na namba isishuke, na kwa gari lako silishangai hilo, kwa sababu traka nyingi hazipiti kwenye boksi la fyuzi. Fundi wake huunga moja kwa moja kwenye nyaya za swichi ya ufunguo chini ya usukani, au kwenye betri, na fyuzi yake iko peke yake ndani ya kifuko kidogo cheusi kwenye waya. Itafute hiyo.

Traka yenyewe ikilala haitumii hata miliampea 10, lakini inalala tu kama ule waya wa kuitambulisha kwamba ufunguo umezimwa umeungwa mahali sahihi. Ukiachwa unaning'inia, au ukiungwa kwenye umeme usiozimika, traka inatuma mahali ulipo usiku kucha. Pia kuna relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuzima gari kwa mbali. Koili ya relei ya kawaida ya gari inakula kama miliampea 150, na ikifungwa vibaya inabaki imewaka hata gari likiwa limeegeshwa. Ishike kwa mkono baada ya saa mbili, utaikuta ya uvuguvugu. Kama ni hiyo, usikate mwenyewe. Traka ni ya waliokukopesha na huenda mkataba unakukataza. Wapigie, waambie mmepima miliampea kadhaa gari likiwa limelala, fundi wao aje na mita aonyeshe waya wa ufunguo ameunga wapi. Mteja aliye na namba mkononi hapewi jibu la "nunua betri."

Kuhusu redio: magari ya Japani huja na redio ya FM ya masafa yao, inayoanzia 76 na kuishia karibu na 90, ndiyo maana stesheni nyingi za kwetu hazishiki na watu hubadilisha. Kwenye kubadilisha huko, waya wa njano wa redio ni wa umeme wa kudumu, unaohifadhi saa na stesheni. Mwekundu ni wa kuwaka na ufunguo. Fundi asiyepata waya wa ufunguo huunga njano na nyekundu pamoja, redio inafanya kazi vizuri, ila hailali kamwe. Chomoa soketi ya nyuma ya redio ukiwa na mita kazini. Ikishuka, tatizo umelipata na tiba ni kuhamisha waya mmoja. Ila hata zikiungwa sawa, baadhi ya redio za Android hubaki nusu macho ili ziwake upesi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kulala na uchague zizime kabisa. Kile kisanduku cha barabara za kulipia kinachokusemesha Kijapani ukiwasha gari kiache, kwa kawaida kinapata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu.

Umeondoa traka na redio na namba bado imesimama? Ndipo altaneta inarudi kuwa mshukiwa, lakini kwa kosa jingine: daiodi yake moja, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inaweza kuvujisha umeme kurudi nyuma huku ikichaji 14.2 kama kawaida. Toa kwanza hasi ya betri, fungua nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, ufunike ncha yake kwa mpira usiguse bodi, kisha pima upya. Ikishuka hapo, badilisha daiodi; si lazima ununue altaneta nzima.

Ukimaliza kazi rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la V. Ukiusahau kwenye 10A na kesho ukapima volti za betri, umepiga shoti.

Gari likishapona, Jumapili moja kwa wiki inatosha, mradi mwendo ufike dakika 40 bila kusimama ovyo. Kimara hadi Kibaha na kurudi panatosha kabisa. Kimara hadi kanisani mtaa wa pili hapatoshi.

Desemba una njia mbili. Ya kwanza ni kuijaza betri siku ya kuondoka na kufungua kichwa cha hasi. Daima hasi ndiyo inayotoka kwanza na kurudi mwisho: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, ni shoti ya kuyeyusha chuma. Betri iliyojaa ikikaa hivyo mwezi mmoja inapoteza kidogo tu. Lakini rimoti haitafanya kazi, kwa hiyo funga mlango kwa ufunguo, na traka itatuma ujumbe kuwa umeme umekatwa. Waarifu waliokukopesha mapema, wasije wakadhani gari limeibwa.

Njia ya pili inaiacha traka hai: paneli ndogo ya sola ya wati 20 pamoja na kontrola yake, kile kifaa cha kudhibiti chaji. Kwenye jua la wazi inatoa ampea-saa 5 hivi kwa siku. Nyuma ya kioo cha mbele hesabu nusu au pungufu, na hata hiyo inazidi mahitaji ya gari lisilo na hitilafu. Unga betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye, na weka fyuzi ya ampea 5 karibu na kichwa cha chanya. Usipitishe umeme huo kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa sababu kwenye Premio tundu hilo linazimika na ufunguo na sola yako itachaji hewa.

Kama mtafungua hasi, utakaporudi kutoka Moshi saa na stesheni zitakuwa zimefutika, na silensa inaweza kuyumba dakika chache. Liache liungurume hadi lipate moto kabla ya kuondoka. Vioo vya otomatiki vikigoma kupanda kwa mguso mmoja, pandisha kwa kushikilia swichi hadi mwisho na uendelee kuishika sekunde chache.